Siku ya Bibi na Babu

Mama mkwe alipiga simu kusema haji, na wakati huo karani, mkewe na watoto walikuwa wameshafika kwenye foleni ya bustani. Amefikiwa na mgeni, alisema, tena mgeni mwenyewe si wa kuachwa peke yake. Karani akajibu hakuna neno, mama, kisha akairudisha simu mfukoni taratibu.

"Haji?" mkewe aliuliza.

"Haji."

Foleni ilikuwa imechangamka kupita kiasi. Kila familia ilikuwa na mzee wake: huyu kashikwa mkono, yule kabebewa mkoba, mwingine anazozana na wajukuu juu ya kofia. Bango lililoning'inia juu ya geti la bustani ya mji lilieleza sababu: SIKU YA BIBI NA BABU. NJOO NA MZEE WAKO, FAMILIA NZIMA BURE. Treni bure, bembea bure, mashua za kwenye bwawa bure.

Bango hilo hilo ndilo lililompa karani wazo la kuwatoa watoto. Treni ya bustanini hawakuwahi kuipanda. Waliijua kwa honi yake tu, wakipita nje ya ukuta. Mkate ulishapakwa siagi, mayai yalishachemshwa, maji yalikuwa kwenye chupa. Kilichokosekana ni mzee. Na mzee, karani alikuwa naye: mama yake mzazi, chumba cha uani nyumbani kwake. Lakini aliyemwalika ni mama wa mkewe, anayekaa upande wa pili wa mji.

"Nilikuambia tuje na mama yako," mkewe alisema kwa sauti ya chini.

Karani aligeukia geti. Angesema nini? Kwamba anamwonea aibu mama aliyemzaa? Ndivyo ilivyokuwa hasa. Kwenye harusi ya binti wa bosi, mama yake alizunguka chini ya meza akiokota chupa tupu na kuzitia kwenye mfuko, kisha akamwendea bosi mwenyewe na kumuuliza kama ile aliyoishika ameshaimaliza. Ofisi nzima ilicheka. Karani naye alicheka pamoja nao, na tangu siku hiyo hakutoka tena na mama yake mahali penye watu. Chupa kama hizo, mama akiziokota na kuziuza, ndizo zilizomlipia shule, na alilijua hilo vizuri.

Na leo nusu ya ofisi ingekuwa bustanini. Asubuhi aliwapitisha watoto uani kwa kunyata, viatu mkononi. Mlango wa bibi yao ulikuwa umefungwa, ndani kimya.

"Hatumwamshi bibi?" binti yake mkubwa alinong'ona. "Mimi nilimwambia habari za treni."

"Shh! Mwache apumzike."

Alijisikia kama mwizi, tena mwizi wa nyumbani kwake.

"Wanaofuata!" mtu wa geti aliita. Aliwatazama mmoja mmoja. "Wakubwa wawili, watoto watatu. Mzee wenu yuko wapi?"

"Hatukuja naye," karani alisema. "Hakuna nafuu yoyote kwa watoto?"

"Nafuu ya leo ni mzee, kaka. Bila mzee, kila kichwa kinalipa."

Karani alitia mkono mfukoni, ingawa alijua kilichomo ni nauli ya kurudi tu. Watoto walikuwa wameng'ang'ania vyuma vya geti. Honi ya treni ikalia huko ndani, na yule mdogo akaanza kurukaruka kwa furaha. Nyuma yao mtu akakohoa. Alikuwa mhasibu wa ofisini, kamshika mama yake mkono.

"Vipi, ndugu yangu, mmekwama?" mhasibu aliuliza. "Bibi wa watoto yuko wapi?"

Karani alihisi uso unamwaka moto. Watu wote kwenye foleni walikuwa wanasubiri jibu, au yeye aliona hivyo. Akainamisha kichwa, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Bibi yao ametangulia."

Mhasibu alivua kofia. "Loo! Pole sana, ndugu yangu. Na hata hukutuambia kazini!"

Mkewe alimgeukia, akamkazia macho. Binti mkubwa, mwenye pengo la meno ya mbele, akamvuta shati. "Ametangulia wapi, baba?"

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake, mzima wa afya, kamzika hapa getini mbele ya wajukuu zake, kwa ajili ya treni ya bure. Bora warudi nyumbani. Bora watoto walie njia nzima, naye aende akapige magoti mbele ya ule mlango wa uani. Alifumbua mdomo kusema kwamba amedanganya.

Lakini mtu wa geti alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anamtazama binti huku akicheka.

"Mjukuu mwenye pengo, kama bibi yake alivyonieleza! Si ungesema mapema, kaka?" alisema, akilivuta geti. "Ametangulia kweli, yumo ndani tangu tulipofungua. Kaniambia mwanawe ana haya toka utotoni, hawezi kumwomba mama yake kitu, kwa hiyo kaja mwenyewe kwa miguu ili msije mkalipishwa. Piteni, kawashikia nafasi kwenye treni."