Kifaa cha Kabatini

Jumanne, tarehe tisa Aprili, saa tano asubuhi, Zamoyoni alikata roho huku damu yake ikiwa ndani ya basi, inapelekwa kupimwa mji wa mbali. Majibu yalirudi baada ya maziko: vijidudu kwenye damu, dawa ipo.

Mwezi Juni maturubai yakafungwa kwenye zahanati ya kijiji. Mgeni rasmi akakata utepe, kisha Matimbwa, mume wa marehemu, akaitwa mbele atoe tone la damu, wakubwa waone kifaa kipya kikifanya kazi.

"Usizimie, Matimbwa!" jirani mmoja alimtania.

Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kiberiti. Nesi Edina alidondosha damu, mwanga wa kijani ukaipenya, na mgeni rasmi hajamaliza hata soda yake, majibu yakatoka.

"Huna vijidudu, baba. Mwanga ndio unaovitafuta. Dakika nane tu."

"Dakika nane," Matimbwa alirudia. Macho yake yakaangukia boksi la kifaa, chini ya meza. Shule hakwenda sana, ila tarehe alijua kuzisoma: Kimepokelewa, 2 Machi.

"Machi, sista? Kilikuwa humu humu?"

Nesi aliinama. "Kabatini, baba. Tuliambiwa kisiguswe mpaka kizinduliwe."

Mganga mkuu wa zahanati alimwashiria arudi kukaa. Matimbwa hakusogea. Kidole kilikuwa kinamchuruzika damu mpaka kwenye kiganja, wala hakukifuta. Akamgeukia mgeni rasmi.

"Mheshimiwa, mbona ulichelewa?"