Viti vya Mabruda

Bruda alikuwa na kijiko mdomoni mkuu wa shule alipoingia chumba cha kulia na mafundi wawili.

"Samahani kukukatiza, Bruda. Wavulana wa mwaka wa mwisho wanasomea sakafuni kule maktaba. Tunaomba viti."

Zamani mabruda kumi na wawili walikula kwenye meza ile, wote watawa na walimu wa shule hii ya Kikatoliki ya wavulana. Wengine walihamishwa, wengine wakazikwa nyuma ya kanisa. Alibaki yeye, mwalimu wa hesabu, na mlio wa kijiko chake.

"Chukueni. Niachieni viwili."

Mafundi wakavibeba kimoja kimoja. Kila kiti kiliacha sakafuni alama nne nyeupe za miguu, na Bruda akajikuta anakumbuka nani aliketi wapi.

"Hicho cha pili cha nani?" mkuu aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Enzi zake za uanafunzi hapa alikuwa mtukutu wa dawati la nyuma, na Bruda ndiye aliyemrudishia hesabu zile zile mpaka zikamwingia.

Bruda alitaka kusema ni cha mgeni. Lakini mgeni gani? Mwaka wa tatu sasa hakuna aliyebisha hodi pale saa ya chakula. Na maisha yake yote hakuwahi kumwomba mwanafunzi kitu, ila madaftari.

"Chako," alisema, masikio yakiwaka moto. "Supu ni ya jana, lakini inatutosha."

Mkuu alitazama saa yake. Mafundi walikuwa wakimngoja mlangoni.

"Tangulieni," akawaambia.