Nungunungu Atafuta Wasomaji

Hii ni ya Nungunungu, aliyeandika kitabu akaapa kwamba mchwa hawatakila uvunguni mwa kitanda. Kila asubuhi aliingia kwenye kundi la WhatsApp la wanyama na kutuma picha ya jalada: "Nunueni kitabu!" Hata siku wenzake walipokuwa wakipeana pole kwa msiba wa Mzee Kiboko, aliituma. Wote walimnyamazia, isipokuwa Nyegere, mlafi wa asali na bingwa wa ubishi.

"Dada, umetuchosha! Kwani hicho kitabu chako kina nini cha maana?"

Miiba ikamsimama Nungunungu. Alikwisha kuandika tusi zima, mara akatanabahi kwamba huyu ndiye wa kwanza kumuuliza. Akalifuta, akatuma ukurasa mmoja tu. Ulisimulia habari za mwizi wa asali aliyeingiza kichwa mzingani kikanasa, na huku mwenye mzinga anapanda mti, mwenge mkononi. Ukurasa ukaishia hapo.

Kundi zima likaamka.

"Sasa alitokaje?" Nyegere akauliza.

"Kesho nitawasomea kipande kingine kwa sauti," Nungunungu akajibu. "Lakini mwisho wake umo kitabuni."

Nyegere hakuweza kungoja kesho. Jioni ile ile alipiga hodi kwa Nungunungu, akanunua kitabu, akaanza kukisoma njiani.

Asubuhi Sungura akaandika kundini, "Jamani, aliyekimaliza atuambie, yule mwizi alitokaje?"

Kabla Nungunungu hajaishika simu, Nyegere alikwisha kujibu:

"Asithubutu mtu kusema! Nunueni kitabu!"