Mchana Una Mwenyewe

Kezia alibisha mara ya nne ndipo akaona kufuli. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, na mlango wa baba yake umefungwa kwa nje.

“Mzee ametoka saa tatu,” alisema Mama Ladan, jirani, kutoka kwenye mfereji, mikono imejaa povu. “Kila siku ni saa tatu. Ananyoa ndevu, anapiga viatu rangi, anaenda kumwona mama yako.”

Kezia alisimama pale kibarazani asielewe. Kutoka mtaa huo wa Ziwani hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, hata kwa mzee wa miaka sabini na mbili. Saa ya kuona wagonjwa mchana ilianza saa sita na nusu, ikaisha saa saba na nusu. Na jana jioni muuguzi alikuwa amemwambia waziwazi, “Baba yako hufika tukikaribia kutoa watu. Dakika kumi tu, basi. Afadhali hata mjomba wako.”

Kezia alikuwa na wajomba wanne. Hakuuliza ni yupi.

Leo alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amchukue baba yake mwenyewe na kumfikisha kwa wakati, mara moja tu maishani. Daktari alikuwa ameacha kutaja majuma. Sasa alitaja siku.

Pale mtaani walisema baba yake, Otiende, alizaliwa amechelewa, naye alicheka pamoja nao. Siku ya wazazi shuleni, aliingia viti vikikusanywa. Kezia alipohitimu chuo, baba alimkuta mpiga picha ameshafunga mkoba. Hakuna picha hata moja ya siku ile aliyomo baba. Jumamosi kazi ya reli iliisha saa sita, lakini yeye alifika nyumbani jua likizama, na hadithi ile ile ya treni iliyokwama. Chakula chake kilimngoja kimefunikwa, kimepoa.

Kilichomuudhi Kezia zaidi ni mama yake. Elsie, ambaye angeweza kukufokea kwa ajili ya chumvi kidogo, hakuwahi kumgombeza mumewe kwa jambo hilo. “Mwache baba yako,” alisema. “Ana mwendo wake.” Hata sasa, amebaki mifupa na macho, alisema vivyo hivyo. Kezia alipotaka kwenda kumwona mchana, mama alikataa. “Wewe njoo jioni ukitoka kazini. Mchana una mwenyewe.”

Una mwenyewe, na mwenyewe haji! Kezia aliondoka pale kwa hasira. Akapita kanisani, hayupo. Akapita kwa kinyozi, hayupo. Akawauliza wazee wa reli waliokuwa wakicheza drafti chini ya paa la duka. Hakuna aliyemwona tangu Elsie alazwe.

Alipofika hospitalini ilikuwa saa saba kasorobo. Na hapo, kwenye benchi la mbao kando ya lango, viatu vinang’aa, chupa ya uji magotini, alikuwa ameketi Otiende.

“Huyu ni babako, madam?” soja wa lango aliuliza. “Hukaa hapo tangu asubuhi. Mi nilidhani hana mtu ndani.”

“Baba! Watu wote wameingia! Unafanya nini hapa?”

“Nangoja, mama.”

“Unangoja nini? Lango liko wazi!”

“Bado kidogo.”

Hapo Kezia alimwaga yote. Siku ya wazazi, picha za chuo, Jumamosi zote zile, mama akitazama dirishani. Watu waliobeba matunda walipita wakiinamisha macho. “Hata siku anakufa utachelewa?”

Otiende alitazama mlango wa wodi, ng’ambo ya ua.

“Huenda,” alisema. “Kufika nafika mapema, mama. Kuingia ndiko kugumu.”

Kezia alimvuta mkono. Mzee ambaye hakuwahi kumpandishia sauti akasema neno moja tu, “Keti.” Akaketi. Angeweza kuingia peke yake, lakini mkono wa baba ulikuwa umelala juu ya wake, mzito, na hakuwa na moyo wa kuuondoa. Ndani, saa ya mama yake ilikuwa ikiisha, na Kezia alilia kwa uchungu wa kuwa na baba asiyejua kuhesabu kinachokwisha.

Saa saba na dakika ishirini, mzee mmoja mrefu ambaye Kezia hakumjua alitoka wodini, kofia mkononi, akijipangusa uso kwa kiganja. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi. Otiende aliinuka, akakung’uta koti. Wakapeana mikono kama watu waliopokezana zamu miaka mingi.

“Amekula chochote?” Otiende aliuliza.

“Amekataa. Amesema atakunywa uji wako.” Yule mzee aliikunja kofia yake. “Otiende, sidhani kama atafika kesho.”

“Basi wacha niwahi.”

Soja alikuwa tayari ametazama saa yake. Otiende alikumbatia chupa kifuani, akapiga hatua mbili kuelekea wodini, akasimama. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, hakumtazama yule mwanamume. Alimtazama binti aliyemlea kwa miaka thelathini na nne.

“Kezia,” alisema, “msalimie baba yako.”