Uzi Mwekundu

Watoto wa makanisa mawili jirani, yaliyotenganishwa na ua, walisoma shule ya Jumapili pamoja, kisha wakanywa uji pamoja. Mwalimu Raheli alifunga uzi mwekundu kwenye vikombe vya watoto wa kanisa lake, wasije wakanywea vya wale wa ng'ambo ya ua. Aliyeuliza aliambiwa ni urembo tu.

Jumapili moja Nsia, mtoto wa ng'ambo, alikuja na kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu, alioufumua kwenye pindo la gauni lake la kanisani.

"Mwalimu, uzi ulikuishia kabla hujafika kwenye vyetu, eh? Changu nimekipamba mwenyewe."

Raheli alishika upawa asiweze kuchota. Macho yalimganda kwenye lile pindo lililofumuka, linaburutika vumbini, na mtoto bado kanyoosha kikombe, anasubiri kusifiwa.