Vidole vya Sauda

Ndama alipokata kamba, Sauda alikuwa ametulia barazani kama bibi harusi.

"Mkamate!" baba yake alipaza sauti kutoka shambani.

"Usiguse kitu!" mama yake akajibu kutoka jikoni.

Mwezi uliopita, kule Dar, mashine ya viza ilivikataa vidole vyake. Saruji ya vibarua vyake vya ujenzi ilikuwa imekula alama zote, na bila alama hakuna safari ya Ujerumani kusomea uashi. Aliambiwa avipumzishe, kisha arudi. Tangu hapo hafui, halimi, hata ugali analishwa.

Ndama alikuwa anakimbilia korongoni, kamba ikiburuzika nyuma. Sauda aliirukia, akaibana kwa miguu.

Akaburuzwa kwa makalio katikati ya kabichi, mikono ameinyanyua juu kama anayeomba dua, huku akicheka mpaka machozi. Ukingoni kabisa, baba akamdaka ndama shingo.

Mama alifika akihema. Gauni lililochanika hakulitazama. Alishika mikono ya binti yake, akavigeuza vidole juani, kimoja kimoja. Kwenye dole gumba akaona vijistari vyembamba vikizunguka.

"Baba Sauda!" aliita. "Njoo uone, alama zimeota!"