Lebo ya Madam

Fairuz alikoroga nta iliyoyeyuka, akingoja ipoe kidogo. Mafuta ya karafuu hutiwa nta ikiwa vuguvugu. Ikiwa ya moto sana, harufu yote hupaa.

Chupa ya mafuta ilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Karafuu aliziloweka mwenyewe kwenye mafuta, wiki sita, kama mama yake Mombasa anavyowafanyia maharusi.

Nje, mtaa wa Mirdif, mbali na Mombasa, ulichemka kwa jua la jangwani. Jikoni, madam alifungua boksi lililotoka kwa mchapishaji.

"Njoo uone lebo zetu. Nimeweka picha ya majani yanayopukutika."

Fairuz alifuta mikono kwanza. Tangu Ramadhani madam alikuwa akimwahidi kwamba vipande hivi vya nta vya kunukisha nyumba vikiingia dukani, vitabeba jina la Fairuz.

Alisoma lebo mara mbili. Iliandikwa "Siri ya bibi yangu", na chini yake jina la madam.

"Bibi yako alikuwa akitumia karafuu, madam?"

"Habibti, bibi yangu alikuwa akinunua mishumaa supamaketi." Madam alicheka. "Wateja wanapenda mambo ya bibi. Usininunie."

"Sijanuna, madam."

Fairuz alirudi kwenye sufuria. Nta ilikuwa vuguvugu, sawasawa kabisa. Mkono uliingia mfukoni, ukaishika chupa iliyopata joto la paja lake, kisha ukatoka mtupu.

Akafunika sufuria.

"Vipi tena?" aliuliza madam.

"Nta imekataa leo, madam. Tutamimina kesho, inshallah."